Ng'ombe wa Sangwa

Gisozi, Kigali
Jumanne, 11 Novemba 2025

Mdogo wangu mpendwa Flaviana,

Natumaini karatasi hii inakukuta mzima, wewe na shemeji Telesphory na wajukuu wote, na ile miguu yako uliyoniambia inavimba jioni. Umekwenda kupimwa, au bado unaiweka kwenye beseni la maji ya chumvi na kusema imepona? Mimi ni mzima kwa kiasi cha mtu wa miaka sabini na sita. Macho yananiruhusu kusoma hadi saa kumi na moja, baada ya hapo herufi zinaanza kutembea. Mvua zimeanza. Asubuhi ukungu unashuka mpaka kwenye mapaa ya karakana za maseremala hapa chini, na kwa dakika chache najiona niko Karagwe nangoja kengele ya shule. Kisha misumeno ya umeme inaanza kulia, nakumbuka nilipo. Miaka kumi sasa nimo katika nchi nilimozaliwa, na watoto wa jirani bado wanacheka Kinyarwanda changu.

Utashangaa kupata barua wakati tulizungumza kwa simu juzi tu. Lakini simu yako mjukuu huiweka kwenye spika ili usikie vizuri, na nyumba nzima hukaa kutusikiliza. Jambo hili si la nyumba nzima. Barua nitampa Castory, mpangaji wangu, yule Mhaya wa kampuni ya bima, anayekwenda likizo keshokutwa kupitia Rusumo. Nimemwambia akukabidhi mkononi. Amenitania kwamba bila shaka nimeandika wosia, na kwamba anatumaini nimemwachia lile kabati la mninga. Nimecheka naye. Isome ukiwa peke yako, na usome mpaka mwisho kabla hujaanza kufunga mizigo.

Sangwa ameniambia kwamba umekubali kuja Jumamosi ya tarehe 22, na kwamba ulilia kwa furaha. Amemnunua mtamba wa kahawia mwenye alama nyeupe usoni. Amemweka kwa rafiki yake kule Kabuga, na kila Jumapili huenda kumpiga brashi kama vile ni bibi harusi. Siku hiyo atamleta uani kwangu na kumkabidhi Kalisa mbele ya watu, ili mambo yao yaishe kabisa. Nyumba ipo katika maandalizi. Scovia, mke wa Kalisa, amekwishahesabu viti mara tatu. Gahongayire, jirani yangu, amejitolea kupika pombe ya ndizi. Kila anayepita getini ananipongeza, kwa kuwa wanasema mimi ndiye niliyewapatanisha ndugu zangu. Flaviana, sijalala vizuri tangu mwezi wa tisa.

Nivumilie nikirudia mambo unayoyajua. Nataka yakae kwenye karatasi kwa mpangilio wake.

Unakumbuka jinsi Sangwa na Kalisa walivyokuwa wakigombania kisima cha kunyweshea ng'ombe, mwaka mzima, mpaka wachungaji wao wakapasuana vichwa. Niliwaita nikawasomea habari ya Abramu na Lutu, jinsi mkubwa alivyomwambia mdogo achague upande, naye atakwenda upande wa pili. Walinisikiliza kwa heshima, wakagawana siku, na baada ya wiki moja wakarudi kwenye matusi. Ndipo ukaja mwaka 2013, na watu wasio na karatasi za uraia wakatakiwa kuvuka mpaka kurudi Rwanda. Baba, wewe, mimi na Kalisa tulikuwa na karatasi za mwaka 1980. Sangwa hakuwa nayo, kwa sababu mwaka ule alikuwa Mbarara kwa mjomba, na aliporudi hakuna aliyejali. Kijijini hakuna aliyejua. Alikuwa mtu wa pale kama mti wa pale. Kisha jina lake likatokea kwenye orodha.

Walipewa siku chache. Gaudiose, mke wake, aliacha dawa zake za kisukari kwenye kabati, kwa kuwa walifunga mizigo kwa haraka na kila mmoja alidhani mwenzake amezichukua. Alifariki kambini, wiki ya tatu. Kalisa akawachukua ng'ombe wa Sangwa wasiuzwe kwa bei ya kutupa, akawatunza pamoja na wake. Alifanya vizuri, lakini kwa mtu aliyekaa kambini na kaburi jipya, habari hiyo ilifika kwa sura moja tu: Kalisa alimtaja, akachukua kisima, akachukua na ng'ombe. Sangwa akaapa kulipiza.

Kalisa alipohamia hapa kuuza mbao, alikutana naye Nyabugogo, kwenye stendi ya mabasi, katikati ya wapagazi na mizigo. Sangwa alikuwa ametoka kununua vyuma. Alimpiga kwa nondo begani. Watu waliwaachanisha, lakini mpaka leo mkono wa kulia wa Kalisa haupandi juu ya sikio, na akivaa koti Scovia humsaidia. Huo ulikuwa mwaka 2017. Mwaka uliofuata Baba akafa mikononi mwetu, mimi na wewe, nami nikarudi Kigali na maneno yake ya mwisho: kwamba Sangwa amsamehe Kalisa, kwamba hataki kaburi lake lilindwe na wanawe wawili wanaotafutana.

Ulitamani kuwepo siku ile sebuleni kwangu, nami nilikusimulia. Sangwa alisikiliza amesimama. Kisha akasema kwamba yeye si Mungu, na kama Baba amesamehe, naye amesamehe. Kalisa alilia kwa sauti. Watu wakasema anatubu. Nilichokuficha ni kwamba nilipomsindikiza getini alinishika mkono kwa ule mkono wake mzima, akaniambia ameomba msamaha kwa ajili ya Baba, basi, lakini hakumtaja ndugu yake kwa mtu yeyote, na anataka kujua ni nani. Nilimwambia ayaache. Ameyaacha miaka saba. Humsalimu Sangwa kila asubuhi kwa jina, humuuzia mbao kwa bei ya ndugu, na hakai naye meza moja hata siku moja.

Na sasa ng'ombe. Wewe uliolewa mapema kwa Wanyambo, huenda umesahau jinsi ng'ombe anavyotolewa kwetu. Mtu hapewi kamba tu akaenda zake. Mtoaji anasimama na kueleza mbele ya watu kwa nini anatoa. Mpokeaji naye anasimama, anataja alichotendewa, na wageni wanaitikia. Tangu siku hiyo, akishtuka au akiapa, anaapa kwa jina la aliyempa ng'ombe, mpaka anakufa. Sangwa anaona anampa ndugu yake heshima kubwa kuliko zote. Haelewi kwamba anamwita asimame mbele ya watu sitini, aitaje kwa kinywa chake dhambi ambayo si yake, kisha awe anaiapia kila siku.

Kalisa alikuja kwangu Jumapili iliyopita, saa tisa mchana. Hakula. Alikuwa amenyoa na viatu vyake vinang'aa, na alikuwa mpole, ule upole ambao Mama alikuwa akiuogopa kwake tangu utoto. Akanitania kwamba amesamehewa miaka saba mfululizo, na kwamba, mwalimu, kusamehewa kunachosha kuliko kubeba magogo. Kisha akasema amekwishaamua. Atapokea kamba. Atashukuru. Halafu atasema mbele ya watu wote kwamba hakulitaja jina la Sangwa, na kwamba aliyelitaja asimame. Niliuliza itakuwaje kama hakuna atakayesimama. Akasema, "Basi tutakaa tungoje, kaka. Viti vipo."

Jana nikaenda kwa Sangwa. Karakana yake ya kuchomelea ni mistari miwili tu kutoka kwenye mbao za Kalisa. Nilimkuta akiunda geti. Ile nondo ya Nyabugogo iko chini ya benchi lake, imeviringishwa kwenye gunia. Nilikuwa nikiiona kila mara na kujifanya siioni. Safari hii nilimuuliza kwa nini asiitumie kwenye mojawapo ya mageti yake imalizike. Alicheka, akasema kila chuma kina geti lake, na hicho bado hakijapata. Nikamzungukia pole pole, nikamuuliza atafanya nini kama siku hiyo Kalisa ataona aibu asitaje jambo lenyewe. Alizima mashine. Akainua miwani yake nyeusi. Alisema aibu anaielewa, mtu anaweza kunong'ona na watu wakasikia. Lakini Kalisa akikana mbele ya watu, maana yake Baba alisamehe kitu ambacho hakikuwapo, na Baba hakuwa mpumbavu. Basi ndiyo maana amemwita Flaviana, asimame aseme alichosikia kando ya kitanda cha Baba. Kisha akanigonga bega, akaniambia, "Iko sawa, muzehe, usiogope," na akawasha tena mashine. Wale wapiga rangi wa jirani walikuwa wakipiga kelele na kuchekeana kama kawaida.

Sasa nikuambie habari ya Gahongayire. Kila Jumatano watu wanane au tisa hukutana barazani kwangu kusoma Maandiko. Tangu Januari tunasoma Mwanzo, nao wanapenda niwaeleze kwa sababu nilikuwa mwalimu. Tulipita kwa Yakobo na Labani, wale waliorundika mawe na kuapiana kwamba hakuna atakayevuka rundo kwenda kumdhuru mwenzake. Nikawaambia kwamba hiyo nayo ni amani, amani ya watu wasioaminiana, na Mungu hakuidharau. Mwezi wa tisa tukafika mwisho wa kitabu. Yakobo amekufa. Ndugu zake Yusufu wanaogopa kwamba sasa atawalipiza, wanampelekea ujumbe kwamba baba yao kabla ya kufa aliagiza wasamehewe. Yusufu analia. Nikaeleza vizuri sana, Flaviana. Nilieleza juu ya uzito wa neno la mzazi. Ndipo Gahongayire, ambaye alikuwa muuguzi miaka thelathini na haamini kitu asichokiona kwenye faili, akafunua kurasa nyuma kwa kidole kilicholoweshwa mate, akauliza, "Mwarimu, Yakobo aliyasema lini hayo maneno? Nimetafuta. Amebariki wote, ameagiza mpaka mahali atakapozikwa. Hayo sikuyaona."

Nilisema labda aliyasema faraghani. Akasema labda. Kisha akasema, kama anajisemea, kwamba waliompelekea Yusufu maneno hayo ni walewale waliomuuza.

Wenzake wakaenda kwenye wimbo wa kufunga. Mimi sikuimba.

Mdogo wangu, Baba hakusema vile.

Ulikuwa umetoka kupasha maziwa. Uliporudi nilikuambia kwamba amesema, nawe ukaweka kikombe chini na kupiga magoti. Umeisimulia habari hiyo mara nyingi mno, mpaka sasa unasema uliyasikia mwenyewe, na naamini unayasikia kweli. Sikulaumu hata kidogo. Lakini Jumamosi ile utasimama na kuapa kwa moyo safi juu ya uongo wangu. Hilo siwezi kulibeba juu ya mengine.

Baba alisema hivi. Alifungua macho, akaniita kwa jina, akauliza, "Zephaniah, nani aliandika?" Sikujibu. Alingoja. Unamjua alivyokuwa akingoja. Kisha akaugeuza uso wake ukutani, na sikuuona tena mpaka tulipomlaza chali.

Aliyeandika ni mimi.

Waliniita ofisini kijijini kwa sababu nawajua watu wote na mwandiko wangu ni mzuri. Afisa wa uhamiaji aliyekuwapo alikuwa kijana mstaarabu. Alikuwa na karatasi yangu ya uraia mezani. Karatasi hiyo inasema nilizaliwa Karagwe. Baba ndiye aliyesema hivyo mwaka 1980, na mimi ndiye niliyejaza fomu, kwa kuwa tuliogopa. Kijana yule akaisoma kwa sauti, mahali pa kuzaliwa, akaniangalia, akaisoma tena. Kisha akauliza, bila kuiachia, ndugu yangu Sangwa alizaliwa wapi. Ningeweza kusema hapa hapa. Mtendaji alikuwa ameketi pembeni, angetikisa kichwa kuafiki. Nilisema Gisaka, Rwanda, Machi 1960. Hata mwezi niliutaja, Flaviana. Hakuniuliza mwezi. Akanisogezea orodha, nikaandika mwenyewe, na nikahakikisha herufi zinasomeka. Ndipo akanirudishia karatasi yangu. Nikaikunja.

Kwa nini niliujua mwezi ule kwa uhakika hivyo, unajua wewe. Tulipovuka Kagera nilikuwa na miaka kumi na miwili, na Sangwa alikuwa na mwaka mmoja na nusu, na Mama alikuwa amebeba mtungi na godoro. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Alinilowesha shati njia nzima. Nimembeba kuja, na kwa mkono wangu nimemrudisha, na mke wake akabaki njiani.

Nimejitetea mbele ya nafsi yangu miaka kumi na miwili. Nilisema niliyosema ofisini yalikuwa kweli, na niliyoyasema sebuleni yalizuia damu. Yote mawili ni sahihi. Lakini nimesoma Walawi, ile sura inayosema usimchukie ndugu yako moyoni, bali umkemee waziwazi usije ukabeba dhambi kwa ajili yake. Sangwa hajawahi kupata nafasi ya kumkemea mtu aliyemkosea. Nilimpa mtu mwingine amsamehe badala yangu. Na Kalisa nilimkabidhi mzigo wangu kwa jina la Baba, nikamtazama akiubeba kwa bega lile lile lililovunjwa kwa ajili yangu. Nimekuwa nikiita hiyo amani. Watu wananipongeza getini.

Basi nimeamua hivi. Castory ataondoka Alhamisi alfajiri na barua hii. Ikishatoka Nyabugogo sitaweza kuirudisha, na najijua, ndiyo maana naanza na wewe. Siku hiyo hiyo, saa nne, nitaenda kwa Sangwa karakanani, mchana kweupe, na Kalisa nitakuwa nimemwomba anifuate kule. Sitampelekea maneno ya Baba tena. Nitamwambia nani aliandika. Sitavaa joho la ualimu wala kushika kitabu. Kile kilicho chini ya benchi nakifahamu, na sitamwomba akiondoe kwanza. Huenda akanililia kama Yusufu alivyolia juu ya ndugu zake. Sidhani. Huenda wakapatana kweli, wao wawili, kwa kunichukia mimi, na hiyo nayo nitaipokea.

Wewe njoo. Ng'ombe yupo, na viti vipo, na Sangwa hana tena sababu ya kumnyima Kalisa. Ila usisimame kusema ulichosikia, kwa kuwa ulichosikia ni mimi. Na usije kunitetea. Ukifika Nyabugogo Ijumaa jioni na ukamwona Kalisa amekuja peke yake kukupokea, usimuulize habari zangu pale stendi. Mwache akubebee begi kwa mkono wa kushoto, mfike nyumbani, mle kwanza.

Nisalimie shemeji Telesphory, umwambie kitabu chake cha ufugaji wa nyuki bado ninacho na hakijaliwa na mchwa. Wasalimie wajukuu. Kwenye kaburi la Baba, ukipita, ng'oa yale majani, na umwambie kwamba nimejibu.

Nimeandika jina langu hapa chini kama lilivyopaswa kuwa kwenye fomu ile ya kwanza.

Ndugu yako akupendaye,

Zephaniah
Mahali pa kuzaliwa: Gisaka, Rwanda
Mwaka: 1949, mwezi wa Juni